Makamasi ya mtoto si uchafu, tuache kuyakausha

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Julai, baridi inapoingia Nairobi na ukungu kutanda Limuru hadi saa nne za asubuhi, mimi huweza kukisia yatakayosemwa kwenye kaunta ya duka lolote la dawa mtaani. Mama ataingia, mtoto kambeba mgongoni kwa leso, na mtoto mwenyewe pua zinamtiririka. Atamwita yule kijana wa dukani "daktari", hata kama kijana hajawahi kukanyaga chuo cha udaktari, kisha atasema: "Daktari, nipe kitu cha kukausha haya makamasi." Kijana hatauliza mtoto ana umri gani wala anapumua vipi. Atanyosha mkono rafuni, ashushe chupa ya dawa ya maji, na ikiwa mama ana pesa za ziada, atafungiwa na vidonge vya antibiotiki katika karatasi. Vichache tu, vya siku mbili.

Mimi nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na makohozi ya watu nimeyaona mengi kuliko sahani za chakula. Maoni yangu, ambayo najua hayatawafurahisha wenye maduka, ni kwamba mama yule anauziwa vita dhidi ya askari wake mwenyewe. Makamasi hayo anayotaka yakaushwe ndiyo ukuta wa kwanza wa kumkinga mtoto. Tukiyakausha tunaufanya ukuta huo kuwa mbovu, na tunalipia kufanya hivyo.

Ukitaka kuelewa ute ni kitu gani, usianzie hospitalini, anzia jikoni. Wenzetu wa Magharibi mwa Kenya wanaufahamu mrenda. Ukiuchota kwa tonge la ugali, unavutika kama uzi na kukufuata hadi mdomoni. Watu wa Pwani nao wana bamia. Ule utelezi ni maji karibu yote, lakini ni maji yasiyokubali kumwagika kama maji. Kinachoyashika ni nyuzi ndefu, nyembamba mno kuonekana kwa macho, ambazo zimesokotana ovyo kama nyavu za wavuvi zilizorundikwa ufuoni.

Ute ulio puani na katika njia za hewa kifuani ni wa namna hiyo hiyo. Katika kila gramu 100 za ute wa mtu mwenye afya, karibu gramu 95 ni maji matupu. Zilizobaki ni chumvi, mafuta kidogo, protini za kupigana na maradhi, na nyuzi ziitwazo musini. Wataalamu huita kitu kama hiki jeli. Si maji na si kitu kigumu, bali ni maji yaliyoshikwa ndani ya wavu.

Matundu ya wavu huu ni madogo ajabu. Chukua milimita moja uigawe mara elfu, kisha kipande kimojawapo ukigawe tena mara elfu. Hiyo ndiyo nanomita. Matundu mengi ya ute huwa na upana wa kuanzia nanomita 100 hivi hadi 1,000, ilhali unywele mmoja wa kichwa chako hupita nanomita 50,000. Bakteria wengi hukaribia nanomita 1,000 au kuzidi, kwa hivyo wao huzuiwa na wavu wenyewe. Lakini kirusi cha homa ya mafua kina nanomita 100 hivi tu. Je, si kitapenya kama kifaranga kwenye seng'enge?

Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu, na nakuomba msomaji uniazime subira kidogo.

Chembe ndogo kama hiyo haina miguu wala mabawa. Ikiwa ndani ya maji, kinachoisogeza ni maji yenyewe. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, Robert Brown, alitazama kwa hadubini vijipande vilivyotoka katika chavua ya maua, akaona vinatikisika bila kukoma ingawa hakuna aliyevigusa. Ilichukua miaka mingi kufahamu sababu, na hatimaye mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwa hesabu kwamba molekuli za maji huigonga chembe kutoka kila upande, mara huku mara kule. Mfikirie mtu aliyebanwa katika umati stendi ya matatu saa kumi na moja jioni. Anasukumwa kushoto, anarudishwa kulia, na akijipata mlangoni mwa gari basi ni bahati tu.

Mwendo wa kusukumwa hivyo una hesabu yake, na si ile ya mtu atembeaye barabarani. Ikiwa chembe huhitaji dakika 1 kuvuka ute wa unene fulani, unene huo ukiwa maradufu haitahitaji dakika 2 bali 4. Ukiwa mara tatu, itahitaji dakika 9. Ndiyo kusema hata tabaka jembamba la ute, nyembamba kuliko karatasi hii unayosoma, ni safari ndefu kwa kirusi.

Juu ya safari hiyo, ute una silaha mbili. Moja ni wavu, ambao nimeueleza. Ya pili ni ulimbo. Wale waliolelewa mashambani watakumbuka jinsi tulivyokuwa tukipaka ulimbo kwenye kijiti na ndege akitua hachomoki tena. Nyuzi za musini zimejaa sehemu zinazonata, na ulimbo huu hufanya kazi kubwa kuliko wengi tulivyodhani zamani.

Mwaka 2001, Richard Cone wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha majaribio waliyofanya kwa ute wa mlango wa kizazi cha wanawake. Walitia ndani yake chembe za kila namna na kupima jinsi zinavyosambaa. Chembe za mfano wa kirusi cha Norwalk, ambacho huleta kutapika na kuhara, zilikuwa na nanomita 38, nazo zilipita kana kwamba zi katika maji. Chembe za mfano wa kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, zilikuwa na nanomita 55. Hizo nazo zikapita. Lakini vidonge vya plastiki vya nanomita 59, ambavyo kwa ukubwa ni karibu sawa na HPV, vilinaswa vikaganda pale pale. Kirusi cha malengelenge, ambacho ni kikubwa zaidi lakini bado kingeweza kupenya katika matundu mengi, kilicheleweshwa mno.

Kwa maneno mengine, si ukubwa pekee unaoamua. Ni ngozi ya chembe yenyewe. Iliyo laini na isiyonata hupita, inayonata hukwama. Mwaka 2007 watafiti wengine wa chuo hicho hicho, wakiwemo Samuel Lai na Justin Hanes, walizidi kulithibitisha jambo hili. Walichukua chembe kubwa za plastiki, za nanomita 200 na 500, wakazipaka dawa ya kuteleza. Wengi walitarajia kwamba chembe kubwa kiasi hicho haziwezi kupita. Zilipita, tena zikacheleweshwa mara 4 hadi 6 tu zikilinganishwa na mwendo wao katika maji. Zile ambazo hazikupakwa zilicheleweshwa maelfu ya mara.

(Kwa kuwa nimekitaja kirusi cha HPV, nitamke moja kabla sijaendelea. Ikiwa ute haukizuii, basi wazazi tusitegemee ute. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 hapa Kenya mwaka 2019. Mzazi ambaye bado anaogopa uvumi wa mitaani na amemficha binti yake, anamkosea.)

Kirusi cha homa ya mafua chenyewe hunaswa na ulimbo, kwani huvutiwa na sukari zilizo kwenye nyuzi za musini, sukari zile zile anazozitafuta juu ya seli zetu. Lakini mjanja huyu hubeba mkasi wake. Ana protini inayokata sukari hizo, akajinasua, akasogea, akanaswa tena, akakata tena. Hivyo ndivyo anavyochimba njia polepole kuelekea chini.

Na hapa neno "polepole" ndilo la kushika, kwa sababu ute haukai mahali pamoja. Chini yake, katika pua na njia za hewa, kuna mamilioni ya vijinywele vinavyopiga kasia pamoja, kila kimoja zaidi ya mara 10 kwa sekunde moja. Vinausukuma ute kuelekea kooni, na mzigo wote ulionaswa ndani yake, vumbi, moshi, bakteria na virusi, humezwa na kwenda kuchomwa na asidi ya tumbo. Ute wa puani hubadilishwa wote kila baada ya dakika 10 hadi 20 hivi. Wewe unayesoma haya umeshameza kiasi tangu uanze makala haya, na wala hukuhisi.

Basi hizi ni mbio. Kirusi kinachimba kwenda chini huku ute unakibeba kwenda nje. Ute ukiwa na maji ya kutosha, vijinywele huusukuma kwa wepesi na mara nyingi mtoto hushinda bila mtu kujua kulikuwa na vita. Kirusi kikishinda na kuingia, mwili huongeza ute, na ndipo pua zinapotiririka. Mama anaona ugonjwa. Mimi ninaona mwili ukifungua bomba kuosha nyumba.

Sasa tazama tunachofanya. Dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya mafua zina klorofeniramini au jamaa zake, ambazo pamoja na kazi zake nyingine hupunguza maji yanayotoka katika tezi. Pua hukauka kweli, sibishi. Lakini nyuzi za musini haziendi popote. Zinabaki pale pale zimebanana, na ute ukawa kama gundi ya seremala iliyoachwa wazi. Tena dawa hizi za zamani huleta usingizi. Mtoto analala fofofo, mama anashukuru kwamba dawa imefanya kazi, kumbe kilichofanya kazi ni usingizi tu.

Kuna msomaji mwerevu atakayeniuliza: nyuzi zikibanana, matundu si yanakuwa madogo zaidi na wavu kuwa bora? Swali zuri. Wavu unakuwa mkali, ndiyo, lakini hausogei. Ute mzito huvilalia vijinywele na kuvishinda nguvu. Mzigo ulionaswa haubebwi tena, unakaa mahali pamoja, una joto, una unyevu, una chakula. Bakteria wakishakaa humo huanza kujenga. Pipa la takataka lenye kifuniko kizuri bado litanuka lisipomwagwa.

Ushahidi mkali wa jambo hili uko kwa watu wanaozaliwa na maradhi yaitwayo sistiki faibrosisi, ambayo yanajulikana zaidi Ulaya na Marekani. Kasoro ya jeni, ambayo iligunduliwa mwaka 1989, huzuia chumvi isipite sawasawa katika seli za njia za hewa, na maji hufuata chumvi. Ute wao kwa hivyo ni mkavu na mzito tangu utotoni, na mapafu huharibiwa na bakteria wasiotoka. Huko Australia madaktari waligundua kwamba wagonjwa waliokuwa wakicheza kwenye mawimbi ya bahari walipumua vizuri kuliko wenzao. Wakajaribu kuwavutisha wagonjwa mvuke wa maji ya chumvi kwa mashine, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba ilisaidia. Chumvi huvuta maji, ute unalegea, vijinywele vinapata nafuu. Hawa ni watu ambao maisha yao yanategemea ute kuwa na maji, ilhali sisi tunanunua chupa ya kuyaondoa.

Na chupa yenyewe si kitu cha kuaminiwa kwa macho. Mwaka 2008 idara ya dawa ya Marekani iliwaonya wazazi wasiwape watoto wa chini ya miaka 2 dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila agizo la daktari. Mwaka 2022, katika nchi ya Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa kuharibika figo, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za watoto zilizopatikana na sumu ambayo kwa kawaida hutumiwa viwandani. Wazazi wale walikuwa wakitibu homa na mafua ya kawaida.

Nisijifanye mtakatifu. Kifungua mimba wangu alipokuwa na umri wa miezi 14 alishikwa na mafua, na mimi, mtu wa maabara mwenye koti jeupe, nilipitia duka la dawa nikitoka kazini na kununua chupa. Makamasi yalikoma siku ya pili. Siku ya tatu usiku mtoto alikohoa hadi akatapika, na kilichotoka kilivutika kama mpira. Muuguzi aliyetupokea, mama mtu mzima wa makamo ya mamangu, aliitazama chupa, akanitazama mimi, akauliza, "Baba, nani alikuambia maji ya mtoto ni mengi?" Alimtia matone ya maji ya chumvi puani, akamwambia mke wangu amnyonyeshe kila mara, na chupa akaitia ndani ya ndoo ya taka mbele yangu. Sijamsahau.

Upande wa antibiotiki ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu huo niliuona kwa macho kila siku ya kazi. Sisi wa maabara tuna jeli yetu, inaitwa agari, na hutengenezwa kwa mwani wa baharini. Tunaimwaga katika kisahani hadi unene wa milimita 4 hivi, tunapaka bakteria wa mgonjwa juu yake, kisha tunaweka vijiduara vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa hutoka katika karatasi na kusambaa ndani ya jeli kwa kule kule kusukumwa na maji, kali karibu na karatasi, hafifu kadiri inavyokwenda mbali. Kisahani hulala katika joto la nyuzi 35. Asubuhi ya pili bakteria wameota kama ukungu juu ya sahani yote isipokuwa pale dawa ilipowashinda, ambapo huachwa duara safi. Unachukua rula unapima. Duara pana, dawa inafaa. Hakuna duara, dawa hiyo ni maji ya bure kwa mgonjwa huyo.

Nilipoanza kazi, maduara yalikuwa mapana. Kadiri miaka ilivyosonga niliona sahani zaidi na zaidi ambazo bakteria wameota hadi ukingoni mwa karatasi, wakigusana na dawa bila wasiwasi wowote. Hesabu ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya bakteria sugu. Vidonge vya siku mbili katika karatasi, vilivyotolewa kwa mafua ambayo huletwa na virusi na kwa hivyo hayasikii antibiotiki hata kidogo, ndivyo vinavyowafundisha bakteria usugu huo.

"Lakini makamasi yamekuwa ya kijani!" Naam. Rangi hiyo hutoka kwa seli nyeupe za damu, askari wa mwili, ambao wana kimeng'enya chenye rangi ya kijani. Inaonyesha kwamba wamefika kazini. Haisemi adui ni virusi au ni bakteria. Na hata pale ambapo kuna bakteria kweli na dawa inahitajika, kumbuka kwamba dawa nayo ni chembe inayopaswa kupenya jeli. Dawa za kundi la gentamisini, kwa mfano, hunata kwenye nyuzi za makohozi na sehemu yake ikapotea njiani. Mtu aliyekausha ute kwa chupa moja, kisha akatafuta dawa ya kupenya ute huo kwa chupa ya pili, amejiwekea kufuli na sasa anatafuta ufunguo.

Nimesema mengi juu ya chupa, lakini adui mkubwa wa ute katika mitaa yetu hauzwi dukani. Ni moshi. Katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, pazia likitenganisha kitanda na jiko, makaa yanawashwa saa kumi na mbili jioni na dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi. Vumbi kubwa hunaswa puani, na ndiyo maana leso huwa nyeusi asubuhi. Zile chembe ndogo, zisizofika sehemu 2.5 kati ya sehemu elfu za milimita moja, hupita hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu ambako hakuna ute unaosogea wala vijinywele. Moshi wenyewe, kama ule wa sigara, hulegeza vijinywele huku ukizifanya tezi zitoe ute mwingi zaidi, kwa hivyo mzigo unaongezeka na wapagazi wamelewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kuhusu kaboni monoksaidi itokayo kwenye makaa, hiyo ni molekuli ndogo kiasi kwamba ute si kitu kwake, inapita kama haupo. Kila msimu wa baridi tunasoma juu ya familia iliyolala na jiko ndani ikakutwa asubuhi imekwisha.

Naelewa vizuri kwamba gesi ni ghali, na kumwambia mtu wa chumba kimoja "nunua gesi" ni maneno ya mtu aliyeshiba. Lakini kuwasha jiko nje hadi makaa yashike, kufungua dirisha wakati wa kupika, na kumtoa mtoto chumbani saa hiyo, haya hayahitaji mkopo. Na jiko lisilale ndani, hata likiwa linaonekana limezimika.

Naelewa pia kwamba mama haendi dukani kwa ujinga. Anakwenda kwa kuwa foleni ya zahanati itammalizia siku nzima na mwajiri hatamwelewa. Kwa mafua ya kawaida, mama, huhitaji foleni wala duka. Mnyonyeshe mtoto mara nyingi zaidi, na mkubwa apewe maji na uji mwepesi. Koroga robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, mdondoshee matone mawili matatu katika kila tundu la pua, subiri kidogo, kisha mpanguse. Yatengeneze mapya kila siku. Aliyezidi mwaka 1 anaweza kulamba kijiko kidogo cha asali kwa ajili ya kikohozi, lakini aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa. Na lile jambo la kumfunika mtoto blanketi juu ya karai la maji yanayochemka ili ajifukize, liacheni. Karai hupinduka.

Kinachopaswa kukutoa mbio nyumbani ni pumzi yake, wala si wingi wa makamasi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, inua fulana yake utazame kifua na tumbo, kisha hesabu anavyopumua kwa dakika moja nzima ukitazama saa. Aliye chini ya miezi 2 akifikisha 60 au zaidi, aliye na miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, aliye na mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, huenda hiyo ni nimonia. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiona sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka. Foleni ikiwa ndefu, mweleze muuguzi aliye mlangoni idadi uliyohesabu, na umwambie ulihesabu saa ngapi.